Likizo Inayozaa Madaktari

Matini ya hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wazazi na wakazi wa kata



Mtihani wa kidato cha nne huanza mwezi Novemba. Matokeo hutoka Januari. Kidato cha tano huanza Julai. Kati ya mtihani na Julai ipo miezi saba hivi, na katika miezi hiyo kijana wa kata aliyezoea kuamka alfajiri akokotoe maswali ya Kemia huamka alfajiri ileile kwenda kupalilia, kuchunga, au kuuza sokoni. Hapana aibu yoyote katika kazi hizo, na nyumba nyingi haziwezi kuziacha. Lakini mjini, katika miezi ileile, mtoto wa umri uleule huketi katika masomo ya kulipia ya maandalizi ya kidato cha tano, akisoma sura za kwanza za vitabu ambavyo mwenzake wa kijijini atavifungua Julai kwa mara ya kwanza. Wawili hao hukutana katika darasa moja la Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mmoja huinua mkono. Mwingine hudhani kwamba hana akili.

Mazungumzo ya leo yanahusu dhana hiyo ya mwisho: ya mtoto kujiona hana akili ilhali alichokosa ni maandalizi. Na kwa kuwa ipo nchi ambayo imehangaika na jambo hilo kwa zaidi ya nusu karne, ikajaribu, ikabishana, ikapima matunda yake kwa hesabu, inafaa kwenda kwanza kwa fikra hadi Marekani, kisha kurejea hapa katani.

Nchini Marekani njia ya udaktari ni ndefu kuliko ya Tanzania. Hapa kijana aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita aweza kuingia moja kwa moja chuo kikuu, akasoma udaktari miaka mitano na kufanya utarajali mwaka mmoja. Kule hukaa kwanza chuoni miaka minne kwa shahada ya kwanza ya fani yoyote, mradi apitie masomo ya sayansi yanayotakiwa. Kisha hufanya mtihani mgumu wa udahili uitwao MCAT, huandika barua ya kujieleza, hutafuta maprofesa wa kumpendekeza, husailiwa. Akikubaliwa husoma miaka mingine minne, na baada yake mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu au zaidi. Kila kituo katika safari hiyo kina mlango, na kila mlango una desturi zisizoandikwa ukutani. Mtoto wa daktari huzijua desturi hizo akiwa mezani kwa wazazi wake. Mtoto wa mfagizi huzijua akiwa amekwisha kuchelewa.

Baadhi ya milango hiyo ilifungwa kwa makusudi. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa tabibu bali mwalimu, alitoa ripoti kwa niaba ya taasisi ya Carnegie baada ya kukaguliwa shule za udaktari 155 za Marekani na Kanada. Ripoti hiyo iliinua kiwango cha elimu ya tiba, na sifa hiyo haistahili kunyimwa. Lakini zilikuwapo wakati ule shule saba zilizofundisha madaktari weusi, nayo ikaona zinazofaa kuendelezwa ni mbili tu: Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Kufikia mwaka 1923 zile tano nyingine zilikuwa zimefungwa, huku shule nyingi za wazungu zikiwa hazimpokei mwanafunzi mweusi. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2020 walikadiria kwamba tano hizo, kama zingeendelea, zingetoa madaktari kati ya 27,000 na 35,000 hivi hadi kufikia 2019.

Pengo la namna hiyo halizibwi kwa kufungua mlango tu. Sheria za ubaguzi zilipoondolewa katika miaka ya 1960, vijana weusi walianza kupokelewa, na kwa muda idadi ikapanda. Kisha ikasimama. Mwaka 1978 wanaume weusi walioingia mwaka wa kwanza wa udaktari katika nchi nzima ya Marekani walikuwa 542. Mwaka 2014, baada ya miaka 36, walikuwa 515. Wamarekani weusi ni takriban watu 13 katika kila 100, lakini miongoni mwa madaktari hawafiki hata 6 katika kila 100. Wenye asili ya Amerika ya Kusini na Mexiko, na wenyeji wa asili wa bara lile, nao wamo katika uchache huohuo.

Hapo ndipo linapoingia suala la likizo.

Katika jiji la New Orleans, jimbo la Louisiana, kipo chuo kikuu kidogo cha Kikatoliki kiitwacho Xavier, kilichoanzishwa na mtawa Katharine Drexel kwa ajili ya Wamarekani weusi. Wanafunzi wake ni kama elfu tatu. Hakina utajiri wa vyuo vikubwa, wala hakiwachagui wanafunzi waliokwisha kung'aa tu. Wengi hutoka katika shule duni za kusini, shule ambazo maabara yake huenda ni kabati lililofungwa. Hata hivyo kwa miaka mingi chuo hicho kimekuwa cha kwanza Marekani nzima kwa idadi ya wahitimu weusi wanaoendelea hadi kuwa madaktari, mbele ya vyuo vyenye majina yanayojulikana duniani kote.

Habari ya jinsi walivyofika huko inastahili kusikilizwa kwa utulivu, maana haina muujiza ndani yake. Katika miaka ya 1970 mwalimu wa Kemia chuoni hapo, J. W. Carmichael, pamoja na wenzake, walitazama mahali wanafunzi walipoangukia. Hawakuangukia mwaka wa nne. Waliangukia katika majuma ya mwanzo ya mwaka wa kwanza, katika Kemia ya utangulizi, kabla hata profesa hajayajua majina yao. Wengi walikuwa hodari wa kukariri, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Walipopewa swali lenye hatua tano wakalitazama kama mtu anayeutazama mto uliofurika. Ikaamuliwa kwamba wasisubiriwe waanguke. Mwaka 1977 wakaanzisha programu ya kiangazi iliyoitwa SOAR kwa vijana waliokuwa wametoka tu sekondari na hawajaanza chuo bado. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya kutia mkazo katika kufikiri kwa uchambuzi.

Mbinu yao moja yafaa kuelezwa kwa kina, kwa kuwa haihitaji umeme wala kifaa chochote. Wanafunzi huketi wawili wawili. Mmoja hupewa swali, naye hulazimika kulijibu kwa sauti, akitamka kila wazo linalompitia: ninasoma hivi, naona hiki ndicho kinachoulizwa, nitaanza hapa. Mwenzake hana ruhusa ya kumpa jibu. Kazi yake ni kusikiliza na kumsimamisha kila anaporuka hatua: umejuaje hivyo? Kisha hubadilishana. Baada ya siku kadhaa kijana huanza kusikia makosa yake mwenyewe kabla hajayatamka. Waliongeza mazoezi ya msamiati, maana mtihani wa kitaifa humwangusha pia asiyeelewa neno lililotumika katika swali, na mashindano ya maswali baina ya makundi ili masomo yasinuke kama adhabu. Tena walimu wenyewe walikubali jambo ambalo walimu wa vyuo vikuu hawalikubali kwa urahisi: waliandika kitabu kimoja cha kazi, kila darasa la Kemia likafundisha mada ileile kwa malengo yaleyale, ili mwanafunzi asibahatishe mwalimu.

La muhimu zaidi ni kwamba mtoto alijenga marafiki wa kusoma nao kabla ya muhula kuanza. Aliyeingia Agosti hakuwa mgeni tena.

Mfano wa Xavier na vyuo vingine ulifuatwa na mpango wa nchi nzima. Mwaka 1988 mfuko wa hisani wa Robert Wood Johnson, unaoshughulikia masuala ya afya, ulianza kugharimia programu za kiangazi katika vyuo vikuu kadhaa kwa wanafunzi wa makundi machache waliokusudia udaktari. Kwa muda wa wiki sita mwanafunzi huishi chuoni. Hujifunza Kemia, Baiolojia, Fizikia na hesabu za takwimu. Hufundishwa namna ya kusoma na kujipima. Huandika barua yake ya kujieleza na kuiandika tena. Hufuatana na daktari wodini akiona kazi ilivyo, na pengine kwa mara ya kwanza maishani humwona daktari anayefanana naye. Hufundishwa pia mambo ya fedha: udaktari unagharimu kiasi gani, mkopo hulipwaje, na maombi ya mapema yana faida gani. Halipi kitu. Chumba, chakula na masomo ni bure, na juu yake hupewa posho.

Posho hiyo ndogo ndiyo roho ya mpango. Kwa mwanafunzi maskini wa Marekani, kiangazi si likizo. Ni msimu wa kibarua. Hupanga bidhaa dukani, hupika katika hoteli, hutunza wazee, na mshahara huo humlipia kodi mama yake. Kumwambia mtoto huyo aje kusoma bure kwa wiki sita ni kumwomba atoe mshahara wa wiki sita, hata kama karo haipo. Waliobuni mpango waliona kwamba elimu ya bure bado ina bei, nayo hulipwa na familia. Wakakubali kuchangia sehemu ya bei hiyo.

Je, ilifaa? Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha waombaji wa makundi hayo waliopitia programu na wasioipitia. Katika kila 100 waliopitia, 49 walikubaliwa katika shule za udaktari. Katika kila 100 wasiopitia, walikubaliwa kama 42. Tofauti ilibaki hata alama za masomo na za mtihani wa MCAT zilipozingatiwa. Mtu mwangalifu atasema kwamba anayejitokeza kuomba programu huenda tayari ana ari kuliko mwenzake, na hoja hiyo ina uzito, kwani ari haipimwi kwa alama. Pia tofauti ya saba katika mia si kubwa kwa anayetazama karatasi. Lakini kila mmoja wa saba hao ni daktari atakayetibu watu kwa miaka thelathini.

Mpango huo haukukosa mawimbi. Uliitwa kwanza programu ya elimu ya tiba kwa makundi machache. Kufikia mwaka 2003, ubishi wa kisheria kuhusu kuzingatia rangi ulipokuwa mkali, maneno hayo yaliondolewa katika jina, na mlango ukafunguliwa pia kwa vijana wa familia maskini na wa vijijini wa rangi yoyote. Baadaye meno yakaongezwa, na mwaka 2016 ukapanuliwa kuhusisha uuguzi, famasia na fani nyingine za afya, ukilenga wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo. Hekima ya kuwachukua mapema hivyo ni dhahiri: aliyeanguka Kemia mwaka wa kwanza hayupo tena wa kusaidiwa mwaka wa tatu. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataza vyuo kuzingatia rangi katika udahili. Katika kundi lililoingia udaktari mwaka 2024, wanafunzi weusi walipungua kwa takriban asilimia 12 kuliko mwaka uliotangulia. Sasa kwa kuwa rangi ya mtu haizingatiwi tena mlangoni, maandalizi ya kabla ya mlango yamekuwa mazito zaidi ya yalivyokuwa.

Na mgonjwa, anapata nini? Huko Oakland, California, watafiti waliwapangia wanaume weusi daktari kwa bahati nasibu, wengine wakampata mweusi, wengine asiye mweusi. Kabla ya kuzungumza na daktari hapakuwa na tofauti ya maana katika vipimo walivyotaka. Baada ya mazungumzo, waliokutana na daktari mweusi walikubali zaidi kupimwa, hasa vipimo vya kutoa damu kama vya kisukari na lehemu. Hakuna dawa mpya iliyotolewa. Kilichoongezeka ni kuaminiana.

Tanzania historia yake ni nyingine, na si vema kuivisha nchi moja kanzu ya nchi nyingine. Hapa mtoto hanyimwi udaktari kwa rangi. Hunyimwa kwa umbali, kwa kukosa mwalimu wa Fizikia, na kwa nauli. Na binti hunyimwa mara nyingine kwa mahari inayojadiliwa kabla ya matokeo kutoka. Hata hivyo fungu moja la hoja ni lilelile. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ya 2021 kuhusu watumishi wa afya vijijini, limeshauri nchi zidahili wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi vijijini. Kila mkazi aliyewahi kumpokea mtumishi mpya wa zahanati mwezi wa kwanza, kisha kusikia mwezi wa sita kwamba ameomba uhamisho, analijua jambo hilo bila kusoma mwongozo wowote.

Basi ile miezi saba. Ni mirefu kuliko wiki sita za Marekani, na haimgharimu mtu kuipata, ipo tayari katika kalenda. Katika muda huohuo kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalisikii. Kijana hujaza machaguo ya tahasusi akiwa bado shuleni, lakini katika miaka ya karibuni Ofisi ya Rais TAMISEMI imekuwa ikitoa nafasi ya kuyabadili kwa njia ya mtandao baada ya matokeo. Kijana aliyejiandikia masomo ya sanaa kwa kuogopa Fizikia, kisha akafaulu sayansi kuliko alivyotarajia, anaweza kurekebisha. Nafasi hiyo hufunguliwa kwa muda maalumu na kufungwa. Wa mjini huipata kwenye simu ya mkononi jioni ileile. Wa kijijini huambiwa Julai, akiwa amebeba godoro kwenda shule nyingine. Hii ndiyo ile desturi isiyoandikwa ukutani, na kwa kata hii dawa yake ni mtu mmoja mwenye simu na orodha ya majina.

Kuhusu masomo yenyewe, lipo tatizo ambalo ni bora lisemwe mapema. Wazo linalowajia watu haraka ni kuwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu waliozaliwa katani wafundishe wadogo zao. Ni wazo zuri lenye kasoro ya kalenda: likizo yao ndefu huangukia kati ya Agosti na Oktoba, wakati vijana wa kidato cha nne wameshaondoka au wapya bado wako darasani. Watu waliopo Februari ni wengine: wahitimu wa ualimu wa sayansi wanaosubiri ajira, walimu wa shule ya kata baada ya vipindi vyao, na watumishi wa zahanati. Tabibu au muuguzi hahitaji kufundisha Kemia. Inatosha ampokee kijana asubuhi moja kwa juma, akae naye pale panaporuhusiwa bila kuvunja siri ya mgonjwa, aone kipimo cha malaria kinavyosomwa na dawa zinavyohesabiwa katika leja. Wapo watakaogundua hapo kwamba hawapendi kazi hiyo. Ni nafuu kugundua wakati huo kuliko mwaka wa tatu wa chuo.

Gharama ni chaki, madaftari, uji wa saa nne, kemikali kidogo za maabara, na kifuta jasho cha mwalimu. Lakini gharama kubwa zaidi haimo katika orodha hiyo. Ni ile ya Marekani: mikono ya kijana inayokosekana shambani. Mzazi mwenye ekari mbili na mtoto mmoja mkubwa haombwi kitu kidogo anapoambiwa mtoto aende darasani Februari, mwezi wa palizi. Ndiyo sababu mpango wowote wa hapa utakaoweka vipindi asubuhi nzima, siku tano, utawapata watoto wa watumishi tu, na wale waliokusudiwa hawataonekana. Vipindi vya alasiri, siku tatu kwa juma, vinavyosimama wakati wa mavuno, vitampata hata mchunga ng'ombe. Na kwa nyumba ambazo hata hilo halitawezekana, wajumbe wa serikali ya kijiji wanazijua kwa majina. Hapo ndipo mchango wa wakazi wengine, wa debe la mahindi au wa siku moja ya palizi, unapoweza kuchukua nafasi ya ile posho.

Yanayosubiri uamuzi wa mkutano ni machache. Mkuu wa shule ya kata ndiye mwenye ufunguo wa maabara, naye anahitaji barua ya Mtendaji wa Kata ili kuufungulia watu ambao si wanafunzi wake tena. Mganga mfawidhi anahitaji kujua idadi ya vijana na siku zao. Orodha ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na namba za simu za wazazi au za jirani mwenye simu, inatakiwa iandikwe kabla hawajatawanyika, yaani juma lilelile la mwisho wa mtihani, pale pale getini.